Hatua Kumi Mbele, na Farasi Bado Wamelala

Kwenye mashindano ya watoto hapa Msambweni, mwalimu mmoja alisimama akatangaza kwamba hodari wa sataranji ni yule anayeona hatua kumi mbele. Watu wakampigia makofi. Mimi nilikereka, na mpaka leo sijapoa.

Mpwa wangu alikuwa ametoka kufungwa dakika chache kabla. Mchezo ukiendelea, nilimwona ameinama, midomo inacheza: nikila atakula, akila nitakwenda huku. Nikautazama ubao. Farasi wake wote wawili walikuwa kwenye miraba ile ile waliyoanzia, mfalme yu wazi katikati, na ngome ya mwenzake imeshika njia tupu inayomwelekea. Hatua kumi za kwenda wapi, ikiwa mtoto hajui hapo alipo pakoje?

Hali kwanza, mpango baadaye. Mfalme wa nani yuko salama? Kete ipi imelala bure? Askari yupi hana wa kumkinga? Ukishayajibu hayo, mpango unajileta wenyewe: aliyelala aamshwe, asiye na mlinzi aandamwe. Wilhelm Steinitz, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1886, alilishikilia hili: hushambulii kwa sababu una hamu, unashambulia ubao ukikuruhusu.

Eti kompyuta huhesabu, ndiyo maana hushinda! Hoja ya mtu asiyetazama. Mwaka 2017 programu ya sataranji iitwayo AlphaZero ilipambana na nyingine, Stockfish, michezo 100. Stockfish ilipekua hali milioni 70 kwa sekunde, AlphaZero 80,000 tu. AlphaZero ilishinda 28, sare 72, haikufungwa hata mmoja. Iliyohesabu kidogo ndiyo iliyojua kipi kinastahili kutazamwa.

Lakini kwa nini niende mbali? Keti baraza lolote la Ukunda jioni. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kete zikianza kuzunguka, akili ya mgeni huchoka. Mzee hutazama kwanza: nyumba, lile shimo la akiba ya kete, ingalipo au imevunjika? Safu ya mbele imebaki na nini? Maana safu hiyo ikikauka, umefungwa. Ndipo mkono unapokwenda shimoni. Wajukuu wa wazee hao ndio tunaowafundisha kubwabwaja hesabu!

Na maradhi haya hayakuishia kwenye ubao. Mgodi wa titani wa hapa kwetu Kwale ulifungwa Desemba 2024, na tangu mwanzo ilijulikana kwamba mchanga ule una mwisho. Miaka yote hiyo tulihutubiwa kuhusu Ruwaza ya 2030, mpango wa taifa wa maendeleo. Ni hotuba ngapi zilizoanza kwa kuuliza kijana wa hapa ana ujuzi gani mkononi leo? Nalisema kwa uchungu, kwa sababu vijana hao nawaona kila asubuhi wakikaa barabarani.

Jumamosi mpwa wangu anakuja kwangu. Hatagusa kete mpaka anieleze, kwa mdomo wake, kila farasi anafanya kazi gani pale aliposimama.