Bakuli la Mbwa Latuhusu Sote

Huku kwetu pwani mbwa si mnyama wa kuketi naye sebuleni. Kwa madhehebu yetu ya Shafii mate yake ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hata hivyo mbwa wako, tena wengi: kwenye maghala ya Mombasa, kwenye mashamba ya Kilifi na Kwale, na katika nyua za watu waliochoka kuibiwa. Sheria imemruhusu mbwa wa kulinda na wa kuwinda, na Sura ya Al-Maida, aya ya 4, yahalalisha windo la mbwa aliyefundishwa. Basi swali langu leo si kama mbwa afugwe au asifugwe. Swali ni hili: yule aliyekwisha kufungwa mnyororo langoni, anakula nini?

Jibu la wengi ni moja: kilichobaki. Unga ulioota kuvu, nyama iliyovunda, mabaki ya biriani ya harusi. "Ah, si mbwa tu!" husemwa, na bakuli likajazwa. Naonelea hapo ndipo tunapojidanganya, kwani kinachomdhuru mbwa hakiishii kwake.

Tuanze na unga. Mahindi yakiwekwa na unyevu huota kuvu litoalo sumu ya aflatoksini, nayo huharibu ini. Kuichemsha hakuiondoi. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi, na mwaka 1977 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa kulishwa vyakula vya namna hiyo. Baadaye ikawa zamu ya watu. Mwaka 2004, Ukambani na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Novemba 2019 shirika la KEBS lilipiga marufuku aina 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu iyo hiyo. Wala chakula cha mifuko ya rangi si kinga, maana huko Marekani, mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021, mbwa zaidi ya 100 waliripotiwa kufa baada ya kula chakula cha kiwandani chenye aflatoksini.

Nasema haya kwa kuwa mahindi yaliyokataliwa na watu hayatoweki. Yakipata mnunuzi hugeuzwa chakula cha wanyama, na ng'ombe akiyala, sumu hupita katika maziwa. Yule aliyesema "si mbwa tu" huenda akaikuta sumu hiyo ndani ya kikombe chake cha chai.

Jambo la pili ni matumbo na maini mabichi, hasa siku za Idd-ul-Hajj. Ini au pafu lenye malengelenge ya maji likitupiwa mbwa, humwingiza minyoo midogo mno. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi chake, yakashika mikono ya watoto, mboga na maji, na mtu akiyameza huota uvimbe tumboni au kifuani kwa miaka mingi bila kujua. Turkana iliumia sana kwa ugonjwa huu hata AMREF ikaanzisha kampeni dhidi yake mwaka 1983. Basi viungo hivyo na vichemshwe sana au vifukiwe kwa kina mbwa asipoweza kufukua.

Sasa alishwe nini? Si lazima gharama kubwa. Wali au ugali wa unga safi, uchanganywe na nyama, yai au samaki aliyetolewa miba, pamoja na boga au karoti zilizochemshwa. Maji yasikatike, hasa kwa joto letu. Mabaki ya pilau na biriani yana vitunguu, thomu na zabibu kavu, navyo vyote ni sumu kwake. Chokoleti pia. Ng'onda na papa wana chumvi nyingi, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo. Ukitaka kumtunza kwa kazi nzuri, mpe kipande cha karoti au cha ini lililochemshwa badala ya halwa na mahamri, na vitunzo hivyo visizidi sehemu moja kwa kumi ya chakula chake cha siku. Dawa ya minyoo aulizwe daktari wa mifugo.

Nimewaona walinzi wa usiku wakimegea mbwa wa tajiri ugali wao wenyewe, ilhali mwenye mali amelala akijua bohari yake iko salama. Huo ni udhalimu mara mbili: kwa mlinzi na kwa mnyama. Tunaisikia msikitini Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Mbwa wa mnyororo hana tofauti na paka yule. Anayemfunga amechukua dhima yake, na chakula chake ni deni la mwenye mali, si la mlinzi wala la jaa la taka.