Mita 60 zipimwe kabla kiwanja hakijauzwa

Mhariri,

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaihesabu ardhi hiyo kuwa hatarishi, yaani ardhi ambayo kuendelezwa kwake kunaweza kuhatarisha maisha au kuharibu mazingira, sawa na miteremko inayozidi kiwango ambacho Waziri amepewa mamlaka ya kukitaja. Hakuna mwenye akili timamu anayepinga makatazo hayo. Kinacholalamikiwa hapa ni kwamba serikali hiyohiyo inayakata maeneo hayo viwanja, inaviuza, inavitoza kodi ya pango la ardhi kila mwaka, kisha inashtuka siku mwananchi anapoanza kumwaga zege.

Hayo ndiyo yaliyomkuta mwandishi wa barua hii wiki iliyopita, katika mji mmoja wa kando ya Ziwa Victoria. Kiwanja chake, kilicho kwenye mteremko wa mawe unaoshuka hadi majini, kilipimwa na wataalamu wa serikali, kikawekewa bikoni, ambazo ni alama za zege zinazoonyesha mipaka, na kikatolewa hati. Ramani ya nyumba ilipopelekwa kuombewa kibali cha ujenzi ilirudishwa kwa madai kwamba haikuonyesha ukuta wa kuzuia udongo, yaani ukuta mnene wa mawe unaojengwa ili ardhi ya juu isiporomokee ya chini. Ikachorwa upya, ikalipiwa upya, na kibali kikatoka kikiwa na mihuri yote. Kwa kuwa hakuna lori linaloweza kuteremka hadi kiwanjani, kila tripu ya mchanga ililipiwa mara mbili, kwanza kwa mwenye gari aliyeimwaga barabarani, kisha kwa vibarua walioishusha kwa ndoo kichwani.

Ukuta huo ulipokamilika alifika afisa mwingine, wa idara nyingine, na alama ya X ya rangi nyekundu ikapigwa juu ya lipu ambayo ilikuwa bado mbichi. Afisa wa kwanza alikuwa amelaza futikamba juu ya mawe kufuata mteremko, akapata mita 66 hadi majini. Wa pili alipima umbali wa mlalo, yaani ule unaoonekana kwenye ramani bila kuhesabu mshuko wa ardhi, akapata 57. Hakuna aliyekosea kusoma namba, kwa sababu kwenye mteremko wa nyuzi 30 vipimo hivyo viwili hupishana kiasi hichohicho, lakini mwenye nyumba ndiye anayebebeshwa gharama ya maafisa kutokukubaliana namna ya kupima. Na hata wangekubaliana, ukingo wenyewe hautulii mahali pamoja: mwaka 2020 maji ya ziwa hilo yalipanda hadi kuizidi rekodi ya mwaka 1964, na tangu hapo kila ofisi ina ukingo wake. Alipoulizwa ni ukingo upi uliotumika, afisa alijibu kwamba mlalamikaji aandike barua na kusubiri kuitwa.

Wakati mwito huo unasubiriwa, jengo kubwa la starehe lililo jirani limeshusha ngazi zake hadi ndani ya maji, halina X hata moja, na uzio wake umeifunga njia ambayo wavuvi na wachota maji waliitumia miaka yote. Wanasiasa wanalijua jengo hilo vizuri, maana wengine hufanyia vikao humo. Ukikaribia uchaguzi huapa majukwaani kwamba hakuna nyumba ya mnyonge itakayobomolewa. Kura zikishahesabiwa, wanakuwa watu wasioweza kuingilia sheria. Haishangazi basi kwamba wengi huamua kujenga vilimani usiku na bila kibali, kwa kuwa wanaona aliyefuata utaratibu ndiye anayepatikana kirahisi.

Inapasa, kwa hiyo, mstari wa mita 60 upimwe kwa mlalo kutoka kiwango cha maji kilichotangazwa wazi, uwekewe bikoni zake, na hilo lifanyike kabla kiwanja chochote hakijauzwa. Kwa wale waliokwisha kuuziwa, ofisi iliyopima itoe kiwanja mbadala na kulipa gharama za ujenzi uliofanyika kwa kibali chake yenyewe. Ikiwa fedha za fidia hazipo, basi kodi ya pango la ardhi ya viwanja hivyo ifutwe na iliyokwisha kulipwa irudishwe, kwa kuwa mwenye nyumba hawezi kudaiwa pango la mahali ambapo mdai mwenyewe amepapiga marufuku.

Mlipa kodi,
Kanda ya Ziwa