Mlima wa Moto Hauzimwi kwa Baruti



Watoto wetu hapa Custom wanaangalia kwenye simu filamu ya Marekani iitwayo Volcano, ya mwaka 1997. Mwisho wake ni huu: mkuu wa uokoaji wa Los Angeles anaangusha jengo refu kwa baruti, lava inageuzwa kuelekea baharini, binti yake anapona, mvua inanyesha. Yamekwisha. Uongo mtupu!

Muulizeni Mkongomani yeyote hapa sokoni aliyetoka Goma. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, ikafunika na sehemu ya uwanja wa ndege. Hakuna shujaa aliyeigeuza. Kilichowaokoa watu ni miguu yao. Tarehe 22 Mei 2021 ikamwagika tena, ikasimama yenyewe pembezoni mwa mji, kwa amri ya Aliyeiumba. UNICEF ikasema watoto zaidi ya 150 wametengana na familia zao. Kisa chenyewe kinaanzia hapo, na filamu inakatika hapo hapo.

Mtasema ni mchezo tu. Jamani, wako watoto wetu waliobebwa mgongoni kukimbia risasi Julai 2016! Leo wanafundishwa kuwa baba hutokea dakika ya mwisho. Nimewauliza wanafunzi wangu: mkipotezana na wazazi, mtakwenda kwa nani? Jina la mwigizaji wanalijua, namba ya simu ya baba wengi hawaijui. Wafundisheni wiki hii, na muwaonyeshe nyumba ya kukutania.