WEMBE UTOKE ZIZINI, MKIA UBAKI

Ndugu wanachama,

Kila mwaka Idi ya Kuchinja ndiyo inayojaza mfuko wetu, kwa kondoo wanaofugwa na wenzetu huko Pugu na Chanika. Kwa hiyo tusemezane bila kuoneana haya.

Wapo wanaoendelea kuhasi madume ya miezi minne, mitano, kwa wembe. Mnyama anakamatwa na watu watatu, anakatwa, anapakwa majivu, anaachiwa kwenye samadi. Baadaye inzi, usaha, pepopunda. Akifa, eti kudura ya Mungu! Jamani, huo ni uzembe wetu. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu.

Njia bora zipo. Mwanakondoo wa siku chache anavalishwa mpira mdogo mgumu juu ya korodani. Damu inakatika, korodani zinakauka na kudondoka zenyewe baada ya wiki kadhaa. Uingereza wanaruhusu mpira bila ganzi katika juma la kwanza tu la maisha yake. Aliyekua afanyiwe kwa burdizo, lile koleo lililotoka Italia, linaloponda mishipa bila kupasua ngozi. Maumivu bado yapo, tusidanganyane. Ndiyo maana Australia wanatumia chombo kinachovalisha mpira na kuchoma ganzi papo hapo. Sisi hicho hatuna, ila bwana mifugo tunaweza kumwita, na chanjo ya pepopunda pia.

Sasa mkia. Wengine wameona picha za kondoo wa Ulaya, nao wakaanza kukata, wakidhani ndio ufugaji wa kisasa. Kondoo wa kule ana sufu na mkia mrefu. Kinyesi kinanasa, inzi wanataga, funza wanamla angali hai. Kondoo wetu mwekundu wa Kimasai hana sufu ya namna hiyo, na mkia wake ni ghala: mafuta yake ndiyo yanamvusha kiangazi. Unamkata ghala lake kwa faida gani?

Tena mnunuzi wetu ni nani? Ni Mwislamu wa Kariakoo na Ilala anayetafuta wa kuchinja. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani hii, aliyehasiwa anafaa, aliyekatwa mkia hafai. Basi huyo ataishia buchani kwa bei ya kutupa, na hasara tunaibeba sote. Mmoja anakata, wote tunalipa. Huo nao ni unyonyaji.

Watasema vifaa ni ghali. Kwa mtu mmoja, ndiyo. Lakini burdizo moja ikitunzwa inahudumia mazizi yote kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo maana ya ushirika.

Tunataka mkutano ujao uamue mambo matatu: mipira na burdizo vinunuliwe kwa mfuko wa pamoja, bwana mifugo aje atufundishe, na atakayekata mkia afidie hasara mwenyewe.

Njooni wote. Asiyekuja asinung'unike.

Ushirika ni nguvu!