Picha Tumeiona, Faili Iko Wapi?

Haya wasomaji wangu, leo tuache seva na hifadhidata kidogo tuangalie juu. Nina neno na wenzetu wanaopiga picha za anga kwa darubini zao wenyewe, hasa picha za vishada vya nyota na nebula za sayari. Neno lenyewe ni hili: mkitoa picha, toeni na faili iliyoizaa, pamoja na orodha ya kila mlichoifanyia. Picha peke yake haitoshi tena.

Utaniuliza, haya yanahusu nini tarakilishi? Yanahusu sana, subiri kidogo.

Kwanza majina. Kishada cha nyota ni kundi la nyota zinazoshikiliwa pamoja na mvutano wao wenyewe. Vipo vishada vilivyotawanyika kama Kilimia, ambacho wazee wetu walikitazama kujua majira ya kulima. Vipo pia vikubwa vya mviringo kama Omega Centauri, chenye nyota zipatazo milioni 10, umbali wa miaka ya nuru kama 17,000 kutoka hapa. Nebula za sayari nazo hazina undugu wowote na sayari. William Herschel ndiye aliyezipa jina hilo katika miaka ya 1780, kwa sababu katika darubini yake zilionekana kama visahani vidogo vya mviringo. Kumbe ni gesi iliyotupwa na nyota ya aina ya Jua letu inapokaribia mwisho wa maisha yake. Mfano unaojulikana zaidi ni M57, ile inayofanana na pete.

Sasa, picha ya M57 unayoiona kwenye intaneti haikupigwa mara moja kama picha ya harusi. Mwenye darubini hupiga fremu 100 au 200 za eneo lilelile, kila moja dakika mbili tatu. Ukiitazama fremu moja utasikitika: nebula imezama ndani ya kelele. Chembe za mwanga hufika kwa bahati nasibu, kihisi cha kamera kina joto lake, na taa za mji zimeongeza lao. Kwa hiyo tarakilishi huzipanga fremu zote nyota juu ya nyota, kisha hutafuta wastani wa kila pikseli. Ukijumlisha fremu 100, mwanga wa nebula unakuwa mara 100, lakini kelele, kwa kuwa ni ya nasibu, inakua mara 10 tu. Umefaidi mara 10. Ukitaka kufaidi mara 20 huna budi kupiga fremu 400. Njia ya mkato hapo hakuna.

Bado. Kuna fremu za giza, zinazopigwa darubini ikiwa imefunikwa, ili kuondoa makosa ya kihisi. Kuna fremu za mwanga sawa, zinazoonyesha vumbi na vivuli vya pembeni, nazo hutumika kugawanya. Kuna vichujio: kimoja kinapitisha mwanga wa hidrojeni wa nanomita 656.3, kingine mwanga wa oksijeni wa nanomita 500.7. Mwisho kabisa data hunyooshwa, kwa sababu nebula ni hafifu mno na kabla ya kunyooshwa picha yote ni nyeusi tii.

Umeona sasa? Kwa mtu wa programu jambo hili halina utata. Picha ya nebula ni matokeo ya programu. Ingizo ni fremu, katikati kuna hesabu, tokeo ni JPEG. Anayenipa JPEG peke yake amenipa programu isiyo na msimbo chanzo na kuniambia, we itumie tu, niamini.

Zamani tuliamini, kwa kuwa hesabu zenyewe zilikuwa wastani, kutoa na kugawanya. Siku hizi mambo yamebadilika. Zimeenea programu za akili unde za kunoa picha za anga na kufuta kelele. Namna zinavyofanya kazi ni rahisi kueleza: mtandao wa neva huonyeshwa picha nyingi kali pamoja na nakala zake zilizotiwa ukungu, hadi ujifunze kukisia kilichopotea. Neno la kushika hapo ni kukisia. Mara nyingi unakisia vizuri ajabu. Lakini kilichokisiwa na kilichopimwa ni vitu viwili, na kwenye JPEG vyote vina sura moja.

Wengi mnakumbuka kisa cha Machi 2023. Mtu mmoja aliitia ukungu picha ya Mwezi, akaiweka kwenye skrini ya tarakilishi, akaipiga picha kwa simu ya Samsung. Simu ikatoa mashimo na mabonde ambayo hayakuwemo kwenye picha iliyokuwa mbele yake. Samsung wenyewe wakaeleza kwamba simu hizo hutumia akili unde kuongeza undani wa Mwezi. Huo ni Mwezi, unaojulikana kila kona. Je, nebula ambayo imepigwa picha na watu wachache tu?

Hapa ndipo vishada na nebula vinapoachana. Kwa kishada, mtihani una majibu nyuma ya kitabu. Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia kimepima nyota karibu bilioni 1.8, na orodha yake, iliyotolewa Juni 2022, ni ya wote na ni bure. Oktoba 2023 ikaongezwa orodha ya nyota nyingine zaidi ya nusu milioni katika eneo la Omega Centauri pekee. Kwa hiyo ukinoa picha yako ya Omega Centauri na nyota tatu zikazuka katikati, programu ndogo ya Python inaweza kuzilinganisha na orodha hiyo. Nyota ikikosekana kwenye orodha, basi huenda ni uzushi wa programu, au huenda ni nyota iliyolipuka juzi na umegundua kitu. Ni faili ya mwanzo, ile ambayo haijanolewa, itakayoamua.

Kwa nebula ya sayari hakuna majibu nyuma ya kitabu. Hakuna orodha ya kila uzi wa gesi. Programu ikichora uzi kwa sababu nebula nyingine ilizofunzwa zilikuwa na nyuzi kama hizo, nani atajua? Na kinyume chake ni kibaya zaidi: ikifuta kitu hafifu kwa kudhani ni kelele, hakuna atakayejua kilikuwepo.

Hilo la pili si woga wa bure. Tarehe 6 Julai 2008 Dave Jurasevich wa California aliona duara hafifu sana katika picha zake za eneo la Cygnus. Lilikuwa limenyooka mno, kama povu la sabuni, kiasi kwamba mtu angeweza kulidhani ni mng'ao wa lenzi tu. Siku 11 baadaye Keith Quattrocchi na Mel Helm wakalinasa duara hilohilo katika picha zao wenyewe. Likawa ni nebula ya sayari ambayo haikuwa imetambuliwa na yeyote, ingawa eneo hilo limepigwa picha mara nyingi. Fikiria programu ya kufuta kelele ingelifanya nini duara lile. Kilicholiokoa ni kwamba data ya pande mbili ilikuwepo na ikalingana.

Sasa wacha nijibu pingamizi.

La kwanza: "Hii ni sanaa, si sayansi." Sawa kabisa, ila sanaa nayo ijitambulishe. Ile picha mashuhuri ya Hubble ya 1995, ya nguzo za gesi katika Nebula ya Tai, ina rangi zilizopangwa na binadamu: salfa ikapewa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni buluu. Hakuna aliyedanganywa, maana mpango huo ulielezwa wazi, na yeyote aweza kuurudia.

La pili: "Faili ni kubwa." Tupige hesabu. Kamera ya megapikseli 26 hutoa faili ya megabaiti 52 kwa fremu moja. Fremu 200 ni zaidi ya gigabaiti 10, na hizo siziombi. Naomba ile moja iliyojumlishwa, kabla ya kunyooshwa na kabla ya kunolewa. Ikiwa na rangi tatu za biti 16 ni megabaiti 156. Watu wanatumiana video kubwa kuliko hiyo.

La tatu: "Kuandika hatua zote ni kazi." Kazi gani tena? Umbizo la FITS linalotumiwa na wanaanga lipo tangu 1981, na kichwa cha faili yake ni maandishi ya kawaida: muda wa fremu, tarehe, kamera. Humo kuna neno HISTORY, lililowekwa kwa ajili ya kuandika faili imefanyiwa nini. Siril, programu ya bure yenye chanzo wazi, huandika hatua nyingi humo bila hata kuambiwa. Sisi tunaotumia Git tunajua raha ya kumbukumbu kama hiyo. Ukigeuza kuwa JPEG, umeitupa.

La nne: "Wataniibia kazi." Leseni za Creative Commons zipo tangu 2002. Chagua inayokufaa, andika jina lako juu yake. Na mficha uchi hazai, jamani.

Nimeacha sababu iliyo karibu zaidi na moyo wangu mwisho. Sisi tulio hapa ikweta tuna anga ambayo watu wa kaskazini wanaiota. Nairobi iko nyuzi 1.3 tu kusini, kwa hiyo Omega Centauri hupanda hadi nyuzi kama 44 juu ya upeo wa macho, na M57 ya kaskazini hupanda hadi nyuzi kama 56. Aliye London hawezi kukiona Omega Centauri kamwe, labda asafiri. Lakini darubini, kigari cha kuizungusha na kamera yake ni pesa nyingi. Wapo wanaojitahidi, kama Susan Murabana na wenzake wa The Travelling Telescope wanaopeleka darubini mashuleni. Hata hivyo, wanafunzi wengi watamaliza chuo bila kugusa kihisi kilichopozwa.

Lakini kijana huyohuyo ana laptopu ya mtumba na bando la wikendi. Mpe faili ya megabaiti 156 na Siril, atajifunza kunyoosha data, kutenganisha hidrojeni na oksijeni, kulinganisha nyota na orodha ya Gaia, kuandika programu yake mwenyewe ya kutafuta tofauti. Hiyo ni sayansi ya tarakilishi kamili, na haikumgharimu darubini. Mpe JPEG, atabofya "napenda" na kuendelea na mambo yake. Kwake yeye, faili hiyo ndiyo darubini.

Akili unde siipingi, na nadhani itatumika zaidi na zaidi. Tumieni, noeni, pambeni. Nachoomba ni kwamba kabla ya kunoa mhifadhi nakala moja, muiweke mahali watu wanaweza kuipakua, na muandike mistari mitano: kamera, fremu ngapi, dakika ngapi, programu zipi, kwa mpangilio upi. Dakika kumi za kazi baada ya usiku mzima wa baridi, nadhani si nyingi.

Na wewe msomaji una kazi yako. Ukikutana na picha ya nebula iliyokupendeza, msifu mwenyewe, amekesha. Halafu muulize kwa heshima: faili iko wapi?