Swichi ya Gari Lako Iko Mkononi mwa Nani?

Swali linaloniandama siku hizi kutoka kwa wenye magari hapa Kitale ni moja: "Nifunge traka ipi?" Wengi wanataka ile inayoweza kuzima injini kwa simu. Wengine wanaongeza kamera za dukani, geti la kufungua kwa simu, na kengele ya kukuamsha ukiwa Bungoma ilhali mali iko Kitale. Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, watu hutarajia nijibu: funga zote!

Jamani, traka ni kitu kizuri. Kamera pia ni nzuri. Lakini kifaa cha kukuonyesha gari liko wapi ni jambo moja, na kifaa cha kulizima ukiwa mbali ni jambo jingine kabisa. Watu wananunua hicho cha pili bila kuuliza: nani mwingine ana hiyo swichi?

Tuanze na jinsi kinavyofanya kazi. Kifaa hujua mahali kilipo kwa kusikiliza setilaiti za GPS. Hapo hakihitaji intaneti wala bando. Lakini ili wewe ujue, ndani yake mna laini ya simu kama hiyo yako, nayo hutuma habari kwenye seva ya kampuni. Seva ndiyo inayokuchorea ramani. Ukibonyeza "zima", agizo linapita njia hiyo hiyo kurudi: simu yako, seva, mtandao wa simu, kifaa, halafu rilei ndogo iliyofungwa kwenye waya wa pampu ya mafuta au wa kuwashia gari. Rilei ikikata, gari limekufa.

Sasa hesabu walio katikati. Wewe uko. Mfanyakazi wa kampuni anayekaa mbele ya kompyuta yuko. Fundi aliyekufungia na anayejua namba ya ile laini yuko. Aliyetengeneza seva yuko, pengine nchi ya mbali. Na yeyote atakayeiba nywila ya mmoja wao naye yuko. Vifaa vingi vya bei rahisi hupokea agizo hata kwa SMS, na nywila ya kiwandani mara nyingi ni 123456. Nimefungua vifaa kadhaa hapa mjini nikakuta bado ni hiyo hiyo. Mwenye gari hajui hata kama kuna nywila ya kubadilisha!

Mtu atasema hizi ni hofu za watu wa kompyuta. Haya, tuangalie yaliyokwisha kutokea.

Mwaka 2010, mjini Austin, Marekani, wateja zaidi ya 100 wa duka moja la magari ya mkopo waliamka wakakuta magari hayawaki. Mengine yalikuwa yakipiga honi yenyewe usiku. Duka lilikuwa limefunga vifaa vya kuwazima wasiolipa. Kijana aliyeachishwa kazi hapo aliingia kwenye mfumo kwa akaunti ya mwenzake, akawazima hata waliokuwa wamelipa. Hakuhitaji ujuzi wowote wa ajabu. Alikuwa na nywila tu.

Mwaka 2015 watafiti wawili, Charlie Miller na Chris Valasek, walikaa nyumbani na kompyuta zao wakalipunguza nguvu gari aina ya Jeep Cherokee lililokuwa likienda kwenye barabara kuu. Walipitia redio ya gari, ambayo ilikuwa imeunganishwa na mtandao wa simu. Kampuni ililazimika kuita magari milioni 1.4 yarekebishwe.

Mwaka 2022 kampuni ya usalama ya BitSight ilitangaza kasoro 6 katika traka ya MiCODUS MV720, kifaa cha dola 20 hivi. Mojawapo ilikuwa nywila kuu iliyoandikwa ndani ya mfumo wenyewe. Aliyeipata angeweza kutuma maagizo kwa niaba ya wenye vifaa, likiwemo lile la kukata mafuta. Mtengenezaji alikuwa akisema vifaa vyake vinavyotumika ni milioni 1.5, na BitSight iliona vikitumika katika nchi 169.

Na ninyi mnaopenda magari kutoka Japani msidhani mko nje ya habari hii. Mwezi wa Mei 2023 Toyota ilikiri kwamba habari za wateja milioni 2.15 wa Japani, zikiwemo mahali magari yao yalipokuwa, zilikaa wazi kwa karibu miaka 10. Nobody aliyevunja mlango. Mtu alipanga seva vibaya tu. Magari ya namna hiyo ndiyo yanayoshuka Mombasa kila mwezi. Huku kwetu huduma zenyewe hazifanyi kazi, lakini kifaa kinakuja ndani ya gari.

Turudi nyumbani. Hapa swichi hii haiko kwenye magari ya matajiri. Iko kwenye bodaboda. Pikipiki nyingi za mkopo hufungwa kifaa ili mkopeshaji ajue iko wapi, na baadhi huweza kuzimwa. Namwelewa mkopeshaji: pesa ni zake, na pikipiki huvuka mpaka kirahisi. Lakini sikilizeni jambo lililompata jamaa mmoja wa stendi yetu. Usiku, akiwa na abiria kati ya Kamukuywa na Kiminini, pikipiki ilizima. Alikuwa amelipa deni la siku kwa simu saa kadhaa kabla, na ujumbe wa malipo alikuwa nao. Mfumo wa mkopeshaji ulikuwa haujasoma malipo hayo. Akapiga simu: "Bosi, nishalipa, angalia." Akaambiwa asubiri hadi asubuhi, ofisi ifunguliwe. Alisukuma pikipiki, abiria akatembea kando yake gizani.

Ninavyojua mimi mifumo, hapo hapakuwa na mtu mbaya. Programu moja ilichelewa kuzungumza na nyingine, basi. Lakini mwandishi wa programu hakuulizwa: je, mtu akiwa barabarani usiku? Je, akiwa na mgonjwa? Je, tukikosea sisi? Anayebonyeza yuko ofisini, anayebaki njiani ni mwingine.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa na mashine peke yake uamuzi wenye athari kubwa kwake, isipokuwa katika hali zilizotajwa, kama vile mkataba unapouhitaji. Hata hapo anapaswa kuarifiwa, na anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya. Mimi si wakili, lakini kumzimia mtu riziki yake naona ni athari kubwa. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ipo, na malalamiko inapokea.

Na mwizi je? Kwani si yeye tuliyekuwa tukimtafuta? Mwizi aliyejiandaa anabeba kifaa cha kuziba mawimbi ya simu, au anang'oa traka. Ukipanda upande wa Mlima Elgon kuna mabonde ambamo simu haishiki. Gari likivuka Suam, Lwakhakha au Malaba na laini haikuwezeshwa kutumika Uganda, ramani inaganda hapo mpakani. Agizo la kuzima halifiki. Kwa hiyo swichi ya mbali inamkosa yule iliyenunuliwa kwa ajili yake, na inampata mwenye gari kila siku.

Kamera za nyumbani zina ugonjwa huo huo. Mwenye duka la pembejeo hapa Kitale, ambaye analala Bungoma, aliniita nimwangalizie kamera. Nikakuta rauta haina betri: stima ikipotea, kila kitu kinalala. Kwenye simu yake picha ya mwisho ilikuwa inabaki, milango imefungwa, salama salmini. Stima yetu tunaijua. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikuwa gizani. Intaneti nayo tunaijua: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na mwezi uliofuata, tarehe 25 Juni, wakati wa maandamano ya Muswada wa Fedha, mtandao ulivurugika tena. Mwizi halazimiki kusubiri ziku hizo, lakini akizisubiri hakosi.

Ushauri wangu ni mfupi: kifaa kiwe na macho, kisiwe na mikono. Kikuonyeshe, kikupigie kelele, lakini kuzima na kufungua kubaki kwa mtu aliye pale.

Ukifunga traka, badilisha nywila siku hiyo hiyo, na usimwache fundi na namba ya laini bila sababu. Ikiwa lazima iwe na uwezo wa kuzima, hakikisha inakataa kuzima gari likiwa kwenye mwendo. Uliza kampuni: ni wafanyakazi wangapi wanaweza kulizima langu, na je, kila agizo linaandikwa na jina la aliyetoa? Wakikosa jibu, hilo ndilo jibu. Kwa mwenye pikipiki ya mkopo, uliza kabla ya kutia sahihi: mkinizima kimakosa saa nne za usiku, nampigia nani?

Kwa nyumba na duka, chomoa rauta uone. Kengele bado inalia? Kamera bado inarekodi ndani yake? Kama hapana, huna ulinzi, una televisheni. Swichi ya siri chini ya dashibodi, kufuli ya gia na mlinzi anayelipwa vizuri havihitaji bando.

Sisi wenye kuandika programu tunapenda kuunganisha kila kitu. Ni kazi yetu na inatulisha. Lakini kabla ya kunilipa nikuunganishie gari lako, niulize kwanza nani mwingine atakuwa na swichi. Nikibabaika, nenda zako.