Reli ya Kusini ikirudi, isiisahau baiskeli

MJADALA kuhusu reli ya kisasa kutoka bandari ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, umetawaliwa na makaa ya mawe na chuma. Kinachozungumzwa kidogo ni abiria wa kawaida, hasa namna atakavyofika nyumbani kwake baada ya kuteremka stesheni.

Kwa wakazi wa Masasi na Newala, suala hilo si dogo. Miji hiyo imetenganishwa na takriban kilomita 70 za barabara pamoja na mlima wa kupandia uwanda wa juu wa Makonde. Masasi iko chini, katikati ya majabali. Newala iko juu ukingoni, ambako mtu aliyesimama Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma hadi upande wa Msumbiji. Reli haipandi mlima wa namna hiyo kwa urahisi. Hivyo, abiria wa Newala atateremkia bondeni huku safari yake ikiwa haijaisha.

Hapo ndipo baiskeli inapohitajika. Vijijini huko, chombo hicho hubeba madumu ya maji na magunia ya korosho. Mwenye nacho ndani ya treni humaliza safari yake bila kusubiri gari. Ni kweli kwamba mlima wa Newala wengi huupanda wakisukuma, lakini vijiji vya bondeni na vile vya juu ya uwanda vina njia zinazopitika.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtembea kwa miguu huenda kama kilomita 5 kwa saa, wakati mwendesha baiskeli huweza kufika 15. Umbali ukiongezeka mara 3, eneo linalohudumiwa na stesheni moja huongezeka mara 9.

Itakumbukwa kuwa Kusini iliwahi kuwa na reli. Ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, ikafika Nachingwea, na baadaye ikapata tawi la kwenda Masasi. Mradi wa karanga ulivunjika mwaka 1951. Reli ilikosa mzigo wa kutosha, na mwaka 1962 ikafungwa, kisha mataruma na vyuma vyake vikang'olewa. Reli inayotegemea bidhaa moja huyumba bidhaa hiyo inapoyumba.

Wapo pia watalii wa baiskeli. Anayezunguka uwanda wa Makonde na kuhitimisha ziara yake Masasi hana treni ya kumrudisha. Akitaka reli kwa upande wa magharibi, hana budi kupita Tunduru na Songea hadi stesheni ya TAZARA ya Makambako, mamia ya kilomita. Kinachobaki ni basi, na baiskeli yake hutegemea hisani ya kondakta na nafasi iliyopo kwenye buti.

Wenzetu wamelitazama jambo hili mapema. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2021 kuhusu haki za abiria wa reli inataka treni mpya, kwa kawaida, ziwe na nafasi za baiskeli zisizopungua 4. Huko wengi huendesha kwa starehe. Huku kwetu ni riziki.

Je, tusubiri hadi mabehewa yanunuliwe ndipo tuulize baiskeli itakaa wapi? Sehemu ya kuitundika behewani, mteremko laini kando ya ngazi za stesheni, banda lenye mlinzi na nauli ya mzigo iliyobandikwa wazi ni mambo yenye gharama ndogo yakiwekwa kwenye michoro tangu mwanzo. Kuyaongeza baadaye ni kubomoa na kujenga upya.

Makaa ya mawe yatapita Masasi yakielekea bandarini. Wanaopanga reli hiyo wahakikishe kwamba mkulima wa Newala naye anaipanda, na anarudi nayo hadi karibu na mlango wake.